Upindo wa Kukulia

Birungi alileta picha, si nguo.
Nguo yenyewe iko ng'ambo, katika kabati la kioo,
imelazwa chali kama mgonjwa wa dripu.
Akaiweka mezani pangu hapa Walukuba,
kati ya chaki na mkebe wa vifungo:
Mama Oketcho, wewe ni fundi, hebu isome.

Nikavaa miwani.
Kanzu ya mtoto. Kitani cha Misri, cha Wakopti,
miaka elfu na mia tano, nyingi zake mchangani.
Haikukatwa popote. Ilishuka kwa mfumi nzima,
kama msalaba, mikono imenyooshwa,
shingo ni mpasuo tu ulioachwa katikati ya nyuzi.
Nani angethubutu leo?
Mimi hukata kwanza, nikajuta baadaye.

Mabegani, duara mbili za sufi ya zambarau.
Katika moja sungura anakula zabibu,
jicho lake uzi mmoja mweupe,
uzi mmoja!
na ananitazama kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Katika ya pili, mcheza ngoma aliyepoteza mguu,
si vitani: kwa nondo.
Kisha milia miwili, begani hadi chini.
Nami miaka yote natarizi uzi mwekundu
kwenye shingo za kanzu za mabwana harusi,
nikidhani jambo hilo tumelianza sisi.

Baba yangu Othieno alifuma kiwandani, kule chini,
king'ora mara tatu kwa siku,
lugha kumi kwenye sakafu moja.
Wakaelewana kwa Kiswahili,
maana mtambo haumsubiri mtu atafute neno.
Neno la kwanza alilonifunza: mtande.
La pili: mshindio.
La tatu lilikuwa tusi, la siku uzi unapokatika.
Alirudi nyumbani na pamba kwenye nyusi,
mzee kabla ya wakati wake.

Birungi akaonyesha dirishani, upande wa daraja.
Maji haya, akasema, ndiyo hufika kwao.
Kitani chao kiliyanywa.
Sikumjibu. Mto humpitia kila mtu,
nao haujawahi kunilipia deni.

Akaniambia habari za wachimbaji.
Walifukua maiti, wakachukua mkasi,
wakakata duara, wakakata milia, wakauza.
Kitambaa cheupe wakakitupa.
Hapo nikaweka picha chini.
Kwapa, kiwiko, goti lililochakaa,
pale penye mtu, ndipo palipotupwa.
Hii iliponea. Hajui vipi.

Nikaitazama tena, na hapo nikauona:
kiunoni, mshono usio wa mfumi.
Wa mkono wa nyumbani, umepinda kidogo kushoto,
labda taa ilikuwa mbaya.
Vidole vinne vya kitambaa vimekunjwa ndani,
vikashikwa kwa hatua ndefu, za kivivu.
Nazijua hatua hizo.
Hazishonwi zikae.
Hushonwa na mtu anayesema moyoni:
mwakani nitafumua.

Suruali ya Oketcho ya shule niliifumua mara tatu.
Kila upindo uliacha mstari wa kaki isiyoona jua;
wenzake wakamwita Punda Milia, akalia,
nikamwambia hiyo ni mistari ya ugali.
Leo anaendesha tipa la mchanga, mabega hayaingii mlangoni.

Upindo wa yule wa Misri hauna mstari.
Uzi wa kwanza ungali pale.

Niandike nini? akauliza Birungi, kalamu tayari.
Andika sungura. Andika zabibu, na mguu uliokosekana.
Kisha andika: vidole vinne.
Akanitazama kama niliyeanza kuzeeka.

Alipoondoka nilirudi kwenye gauni la mtoto wa Naigaga,
anayeingia darasa la kwanza Jumatatu.
Kitambaa kimepanda bei; mimi huacha vidole viwili.
Nikapima. Nikapima tena.
Nikaacha vinne,
nikashona kwa hatua ndefu.