Jino la Jembe

Nesi alinikunjia karatasi ya vidonge,
kisha akasema kwa mdomo tu,
maana dawa hii haiuzwi famasi:
"Alhamisi nenda pale makumbusho, Kongwa.
Kaa. Usimsaidie mtu."

Nilicheka. Mimi, Ndahani,
mwenye deni la ekari kumi na mbili za alizeti
na mvua iliyonyesha mara moja,
nilalaye saa nane ya usiku, saa tisa macho,
ambaye Sechelela amechoka kunisemesha,
ananiwekea mlenda mezani na kwenda zake,
mimi nikatazame vyungu?

Kiingilio elfu moja.
Kitabu cha wageni kina safu ya "Utokako",
kina safu ya "Dhumuni".
Nikaandika Mlali. Nikaandika mapumziko.
Nyemo, binti wa mapokezi, hakuuliza;
alikuwa anakifuta kinu vumbi
taratibu, kama anamnawisha mtoto uso.

Chumba ni kimoja, lilikuwa ghala,
bati linaalika jua likipanda.
Kuna zeze lisilo na uzi.
Kuna kibuyu kilichopasuka, kikashonwa kwa ukili.
Nikahesabu mishono: kumi na saba.
Aliyeshona hakuwa na haraka,
au alikuwa nayo
na akashona hivyo hivyo.

Kule mwisho, juu ya sakafu ya saruji,
jino la jembe la trekta,
la wale Waingereza wa karanga.
Kadi yake imepauka:
*Walikuja na mashine. Kiangazi udongo wa hapa
hugeuka tofali. Mvua haikutosha. Wakaondoka.*
Jino limelika, butu kama kisigino cha mchungaji.

Nikavuta stuli.
Saa nzima, labda zaidi.
Meli, reli, mabwana wa kaptula na ramani zao,
udongo huu huu, huu wa kwangu,
uliwatoa jasho ukawarudisha kwao.
Na jino lao halikutupwa.
Limewekwa mahali, limeandikiwa kadi,
linafutwa vumbi.

Kifua changu kikafanya jambo
ambalo hakijalifanya tangu Machi:
kikashuka.

Sisemi nimepona. Deni lipo,
na vidonge nameza.
Lakini usiku ule nililala hadi saa kumi na nusu,
jogoo alipowika nikamjibu, "Nimesikia."

Sasa nimekwenda mara sita.
Mara ya tatu Nyemo alinirushia kitambaa,
akanionyesha kinu kwa kidevu.
Nikakumbuka agizo la nesi.
Nikafuta.

Leo kwenye safu ya dhumuni
niliandika ukweli: *kulisalimia jino*.
Nyuma yangu palikuwa na mama mmoja, simjui,
macho mekundu, kitenge kakivaa ndani nje.
Alichungulia nilichoandika,
akashika kalamu muda mrefu,
akaandika chini yangu:
*kama huyo wa juu.*