Dakika ya Chumba

Darasa letu lilikuwa karakana ya useremala.
Misumeno iliondoka, vumbi la mbao likabaki;
hadi leo ukiwasha kompyuta ya dirishani
feni yake hupiga chafya ya msonobari.
Hapa Sudbury, Februari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
betri hufa kabla hujamwita mtu jina.
Nawaambia: zitieni kwapani. Ziatamieni.

Somo la kwanza si kamera.
Somo la kwanza ni kunyamaza.
"Kila chumba kina kimya chake," nasema,
"na kimya cha jikoni hakiwi kiraka cha kimya cha kanisani.
Mkimaliza kumhoji mtu msikimbilie kukunja waya.
Simameni. Dakika nzima.
Kinaseni chumba kikiwa peke yake."
Wanacheka. Mwaka wa kumi na tisa huu, wanacheka.
Sekunde ya kumi na moja tumbo la Teemu Harju likanguruma,
darasa zima chini.
Nikaandika ubaoni: Harju, tumbo, 0:11.
Tukaanza upya.

Odile Brisebois hakucheka.
Huyu maneno huyatoa kama mtu anayelipa kwa sarafu,
na mti wa maikrofoni huushika
kama anayeangua matunda ya jirani.

Walikwenda wawili kwa babu yake, Aurèle,
miaka thelathini na minne chini ya ardhi, akichimba nikeli.
Mzee akasema saa mbili:
lifti iliyoshuka hadi masikio yazibe,
mkebe wa chakula aliokalia kama kiti,
mwenzake aliyeazima glavu asizirudishe.
Picha na sauti, yote ndani ya kamera.
Mwisho Odile akatoa kinasa sauti kidogo, cha shule,
akainua kidole: dakika ya chumba.

Usiku ule ule Teemu akahitaji nafasi
ya kumpiga picha kaka yake akiruka na pikipiki ya theluji.
Akabonyeza: futa yote.
Kadi ya kumbukumbu (nani aliipa jina hilo?)
ikasahau.

Wakarudi kwa mzee, Teemu mbele, kofia mkononi.
Aurèle akawapa biskuti.
"Nimeshasema," akasema.
"Yale yalikuwa maneno ya Jumamosi."

Mei, usiku wa maonyesho, viti vya plastiki,
wazazi na makoti yao mapajani.
Filamu ya kwanza, milipuko. Ya pili, milipuko na ngoma.
Kisha ukuta ukawa mweusi.
Nikadhani projekta imekufa, nikainuka nusu.

Friji.
Dirisha likitetemeka, lori limepita.
Kiti.
Halafu pumzi, ikiingia vizuri,
ikitoka na filimbi nyembamba upande mmoja,
na kwenye weusi herufi ndogo nyeupe za Odile:
*hapo ndipo mgodi ulipo.*

Kimya kingi kina mshindo;
hiki kilikuwa kidogo, sekunde sitini,
na hakuna aliyekohoa.
Safu ya tatu Aurèle alikuwa akijipapasa kifuani
kama mtu aliyesahau ufunguo uko mfuko gani.
Sekunde ya arobaini na moja sauti yake ikatoka ukutani, ndogo:
"Tumemaliza?"
Na ya mjukuu: "Bado."

Kwenye fomu ya alama hamna kisanduku cha hilo.
Kuna *mwanga*, kuna *fremu*, kuna *kufika kwa wakati*.
Nilikata mbili: sauti ilirekodiwa chini mno.
Teemu nilimpa alama yake kamili ya usafi wa kadi,
akanitazama asijue kama ni utani.
Wala mimi sijui.

Nyumbani nikaicheza tena, taa zimezimwa,
nikiongeza sauti kidogo, kidogo tena,
mpaka friji ya Aurèle ikanguruma mezani
na ile yangu, nyuma ya mgongo,
ikaitikia.