Kiputo

Aikaeli Moshiro alianza na boksi la sabuni
nje ya stendi ya Moshi, upande wa wauza betri:
magazeti ya katuni yaliyokatika majalada,
mia kusoma papo hapo, mia tano kuondoka nalo.
Mvua ikija, koti analifunika boksi,
yeye analowa.

Mimi nilikuwa naandika vibao vya saluni, Kiusa.
Akanijia na viganja vyeusi kwa wino,
akasema, "Wewe chora. Watu niachie mimi."

Na watu aliwaweza, tusimnyime haki yake.
Mwaka wa kwanza, darasa la shule ya msingi, viti arobaini,
tukaliita tamasha. Mtoto wa fundi cherehani wa Majengo
alikuja na joho la kitenge cha mama yake,
barakoa ya boksi la maziwa,
akasimama mlangoni tangu saa mbili
akilinda. Akilinda nini, hatukumuuliza.

Mwaka wa pili tukaujaza ukumbi wa ushirika,
pale wazee walipokuwa wakigombania bei ya kahawa.
Wachoraji wakaja toka Same, toka Babati, mmoja toka Voi kwa baiskeli.
Mbele soda na vibonzo, nyuma mbege kwa siri.
Diwani akavaa kofia ya masikio, akapigwa picha.
Siku ile mlima ulivua wingu mchana kweupe
na Aikaeli akaunyooshea kidole
kama ndiye aliyeuagiza.

Hapo ndipo alipoanza kusema "sisi" akimaanisha yeye.
Suti rangi ya mtindi. Kadi za biashara zenye cheo
nilichokikosea herufi, asigundue.
Simu mbili; inayoita haipokei.

Mwaka wa tatu: siku tatu, mahema sita,
mgeni rasmi mchoraji wa Kinshasa
tuliyemjua kwa uvumi.
Tiketi elfu kumi, za mbele elfu hamsini.
Nikachora bango: Aikaeli juu ya kilele, mkono kiunoni,
na kiputo cha maneno juu ya kichwa.
"Niandike nini humu?"
"Kiache. Nitakwambia kesho."
Kesho ikaenda kwa mpiga chapa ikiwa tupu.
Mabango mia nane, kutoka Bomang'ombe hadi Himo:
mtu kaachama, hasemi kitu.

Mgeni hakufika. Viza, akasema. Kisha ndege. Kisha malaria.
Jumamosi masika yakalalia mahema.
Saa tisa akaingia Mama Ndeanka, mwenye viti.
Hakupandisha sauti. Alianzia safu ya nyuma:
"Samahani mwanangu, inuka kidogo,"
kiti kwa kiti,
hadi uwanja mzima ukawa umesimama
kama unaoimba wimbo wa taifa.
Tukageuka kumtafuta Aikaeli.
Getini palikuwa na joho la kitenge, limekuwa fupi sasa.
"Ametoka," akasema mtoto. "Kaniambia nilinde."

Wiki ile mji ulikijaza kiputo.
Kwa kalamu, kwa mkaa: MWIZI. RUDISHA HELA.
Na kwa Kichaga, maneno nisiyoweza kuyaandika
mama yangu akiwa hai.
Mimi nami nilikuwa na langu: laki mbili na elfu themanini.
Usiku nikachukua brashi hadi bango la ukutani, Pasua.
Nikasimama. Kinywa kile nilikichora mwenyewe,
nilijua kilivyo wazi.
Nikarudi na brashi kavu.

Sasa anauza makava ya simu, sokoni Himo.
Kayapanga visanduku visanduku, kama ukurasa.
Alinipa moja bure. Nikalipokea, tukahesabu kimoyomoyo:
zimebaki laki mbili na elfu sabini na sita.
Tamasha hakulitaja. Aliuliza tu
kama Moshi mvua imekata.

Bango moja limesalia, Njoro, nyuma ya mashine ya kusaga.
Jua limekula suti, limekula mlima.
Kiputoni, chini kabisa, palipofikika kwa mkono mfupi,
kuna mwandiko wa penseli unaopanda kulia:
*Mwakani ni saa ngapi?*