Mstari wa Kumi na Nne

Kwanza huwa nauliza: ilianza lini?
Wote hujibu jibu moja.
Mzee Nampunju naye, mlangoni kwake Newala,
kikoi kiunoni, sahani ya ming'oko mkononi:
"Somoe, sijagusa kitu. Imezimika yenyewe."

Sawa. Hakuna aliyewahi kugusa kitu.

Naanza na waya, maana aibu kubwa ya fundi
ni kufungua mashine nzima, skrubu zote sakafuni,
kumbe plagi imelegea ukutani.
Plagi imekaza. Stabilaiza inanguruma.
Nabonyeza. Feni inajaribu mara mbili, inakata tamaa,
kisha pii, pii, pii.
"Inalia," anasema mzee.
Inasema, namjibu. Hii, ikisema mara tatu, ni kumbukumbu.

Nafungua ubavu.
Lahaula.
Salfa. Vumbi la njano, lile la kupulizia mikorosho,
limelala juu ya feni kama unga kwenye ungo,
na kwenye kona, chini ya pawa saplai,
mjusi mkavu, mkia bado umegusa waya.
"Hii kompyuta inalala wapi msimu wa dawa?"
Mzee anatazama dari.
Inalala stoo. Na mifuko.

Brashi ndogo ya rangi. Kipande cha kanga.
Nachomoa ramu, nasugua meno yake ya dhahabu
kwa ufutio wa mjukuu,
taratibu, kama unavyomfuta mtoto makamasi,
naisukuma irudi mpaka isikike: tak.
Msizipige makofi, nasema kila nyumba.
Wanaitikia. Nikiondoka wanazipiga.

Ikawaka.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Betri ya saa imekufa, ile ya duara kama kifungo cha koti;
umeme ukikatika inasahau miaka yote,
na umeme wa huku mnaujua.
Ninayo moja, nimeitoa kwenye mizani mbovu ya jikoni.
"Iache hapo kidogo," akasema mzee.
"Mwaka huo nilikuwa nadaiwa mimi."
Nikadhani utani.

Faili hazionekani. Virusi vya flashi ya stesheneri,
vimeacha njia za mkato tupu, ukibonyeza hufiki popote.
Hazijapotea, nikamwambia, zimefichwa tu.
Nikazifichua.
Lazima ufungue moja uone kama imepona;
huko si kuchungulia.
Nikafungua ya juu. Kangomba.
Majina, bakuli, fedha, mwezi.
Mstari wa kumi na nne:
Esha Nangumbi. Magunia mawili. Elfu themanini.
Mei, kabla ya maua.

Mei.
Mwezi niliponunua bisibisi hizi, na mita hii ya kupimia umeme.
"Nimeuza kuku," mama alisema.
Kuku gani, mama.

Kidole kimoja kingetosha.
Kufuta, kisha kumwaga pipa la taka,
kisha kumwambia mzee: virusi, pole sana.
Angeamini. Hajagusa kitu.

Nikatengeneza nakala mbili, kama ninavyowahimiza wote:
moja ya ndani, moja ikae nje ya nyumba.
Nikaweka betri. Nikarudisha mwaka wetu.

"Shilingi ngapi, fundi?"
Nikamgeuzia kioo.
"Usinipe. Nenda mstari wa kumi na nne. Punguza."
Akasoma jina. Akanisoma mimi.
Akaandika kwa kidole kimoja,
akiitafuta kila tarakimu kama sarafu iliyoanguka mchangani,
halafu akataka kufunga.
Kompyuta, mzima kabisa sasa, ikamuuliza:

Hifadhi mabadiliko?
Ndiyo. Hapana. Ghairi.

Mimi nikaanza kurudisha skrubu za ubavuni,
moja moja,
nikizihesabu kwa sauti.