Mshale

Mara ya tatu mwezi huu twalipandisha Kwale,
Pijo la mwaka sitini na mbili, rangi ya maziwa yaliyoonja chai.
Fundi Twalib kaketi kando yangu, daftari magotini,
penseli sikioni, kama karani wa bandari aliyestaafishwa
akasahau kuacha kuhesabu.

"Kombani, themanini na mbili." Aandika.
"Gia ya pili. Usilikamue."
Silikamui. Mguu wangu mwepesi
kama wa mtu apitaye mlangoni pa mdai wake.

Rejeta tumeizibua kwa siki.
Themostati tuliichemsha sufuriani, jikoni kwa Mama,
tuone kama yafunguka;
Mama akachungulia, akauliza: kitoweo gani hiki?
Mkanda wa feni ni mpya, watoka Mwembe Tayari.
Pampu ya maji ni ile ile ya marehemu Baba,
Twalib hataki itolewe. "Haina kosa hii," husema,
kwa sauti ya mtu amteteaye nduguye barazani.

Themanini na nane.
Minazi yabaki chini, upepo wanuka msitu.
Tisini na moja, kwenye kona ile
Baba alipokuwa akisimama kila safari,
afungue boneti kwa kitambaa,
amimine maji ya kidumu polepole,
na sisi watoto atwambie tutazame bahari kule mbali,
tusije tukaiona mikono yake.

Leo hatusimami.
Kwale mjini mshale warudi themanini na tano, watulia.
Twalib hasemi kitu. Anunua mahindi mawili ya kuchoma,
anipa lile lisiloungua.

Twashuka na kiburi chetu hadi Likoni.
Na pale, foleni ya feri, pasi na mlima, pasi na mwendo,
jua la saa saba utosini,
mbele lori la saruji, nyuma mkokoteni wa maji,
mshale wainuka kama mtu aliyeitwa jina lake.
Tisini na sita.
Mia.
Mia na nne, na mvuke huo, fyuuu!
Muuza korosho atuuliza kama chai i tayari.

"Usiguse kofia," asema Twalib. Alamba ncha ya penseli,
aandika taratibu, herufi kubwa:
LIKONI, TUMESIMAMA.
Kisha acheka, mara ya kwanza tangu mazishi.
"Miaka yote hiyo, babako akauogopa mlima."

Nageuka nyuma kutafuta maji.
Mwenye mkokoteni ameshauona mvuke.
Bei nayo imepanda.