Kiti cha Nyuma

Mwaka wa kumi na tisa wa chaki,
nimehamia kiti cha nyuma, chini ya kiyoyozi kinachokohoa,
kiti kidogo cha wasichana wa darasa la tisa,
magoti yangu yakigonga meza
iliyochorwa moyo na jina la mcheza mpira.

Sikuhama kwa hiari.
Usiku ule nililipiga pasi somo langu:
slaidi thelathini na mbili, Mwanga na Kivuli,
mishale ya buluu ikiingia, myekundu ikitoka,
swali moja mwishoni, jibu lake limeshaandikwa.

Ndipo Wadha, ambaye tangu Septemba
hajatamka neno ila "nipo",
akasimama kwenye slaidi ya nne.
"Mwalimu, falaji ya kwetu hugawa maji kwa kijiti na kivuli.
Alama za asubuhi zimeachana,
za adhuhuri zimebanana.
Zamu ya shangazi yangu ni ya adhuhuri.
Je, anapunjwa?"

Jibu nilikuwa nalo.
Mwalimu hakosi jibu, kama duka la kona lisivyokosa kiberiti.
Lilinifika ulimini.
Nikalimeza, likashuka kama kidonge bila maji.

Mama yangu, aliyezaliwa Wete akazeekea hapa Ibra,
alipenda kusema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
Nilikuwa nikimtania:
mama, ulimwengu, na mwalimu je? Mbona hamkumtaja?
Akicheka tu, akiendelea kuchambua mchele.

Shamsa akauliza mtandao.
Mtandao ukampa majibu elfu mbili kabla hajakohoa,
na hakuna hata moja lililomjua shangazi wa Wadha.

Basi tukatoka. Aprili, saa mbili unusu asubuhi,
wasichana kumi na sita, vishikwambi sita,
futi ya fundi cherehani, na kijiti cha chuma
tulichoazima kwa bawabu wa shule.
Kila dakika kumi, picha. Kila picha, mstari wa chaki.
(Chaki yangu! Nilifurahi kuiona kazini.)
Saa tano kasoro, kishikwambi cha Rayya kikaandika
kimepata joto, kinaomba kupumzika.
Kijiti hakikuomba kitu.
Zamzam akakifunika kishikwambi kwa shela lake
akakipepea kwa daftari la jiografia,
maana picha za saa tatu zilikuwa humo
na jua la saa tatu halirudi.

Darasani wakazipanga, moja juu ya nyingine,
siku nzima ya jua ikapita kwa sekunde tisa,
ncha ya kivuli ikija mbio,
ikipunguza mwendo,
ikinyata karibu na adhuhuri kama mtu aliyechelewa sala,
kisha mbio tena.
Wakairudisha. Wakaitazama tena. Wakagombana.
Mara nane nilitaka kusema.
Mara nane nilijishika kitini.

Kipande kimoja cha maji hapa huitwa athari, nusu saa.
Kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu
athari ni kile kinachobaki jambo likishapita.
Sijui ni kwa nini nililifikiria hilo wakati ule.

Mkaguzi akaingia na fomu yake.
Akatazama mbele: ubao, hakuna mtu.
Akatazama sakafuni: wasichana, futi, chaki,
sauti zinazopandana kama mnada wa mbuzi.
"Mwalimu yuko wapi?"

Vichwa kumi na vitano vikageuka kunitazama
pale nyuma, magoti yamekwama mezani,
nikiinua mkono kama mwanafunzi aliyechelewa.
Kalamu yake ikasita juu ya kisanduku
cha "mwalimu anafundisha".
Sikuona alichoandika.

Kichwa cha kumi na sita hakikugeuka.
"Hapunjwi," Wadha aliiambia sakafu,
"kivuli ndicho kinachochoka,"
kisha akafuta mstari mmoja kwa kiganja
akaanza kuupima upya.