Uzi wa Zari

Matrah, nyuma ya soko, ghorofa ya pili.
Kiyoyozi kinakohoa. Fundi Dadkarim, Mbalushi,
ananyoosha joho la babu juu ya meza
kama anayemlaza mgonjwa.

"Zari hii ni ya zamani," asema,
nami nashtuka: kumbe neno hilo si letu?
Bibi alihama nalo Unguja, sandukuni,
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi.

Lenu! Acheka hadi miwani inamshuka puani.
Kwa Waajemi zar ni dhahabu yenyewe.
Kwetu Wabalushi likashuka bei, likawa pesa.
"Likafika kwenu, likawa uzi."

Nilitaka kumjibu kwa Kiarabu,
maana shuleni Ibra Bi Raya wa nahau
alitubandikia ubaoni herufi tatu:
dhahaba, alikwenda;
dhahab, ile inayopimwa kwa gramu hapo chini.
Sisi tuliokulia Kiswahili cha jikoni
tukaitia u mwishoni,
kama anayefunga mlango
isiende.

Babu alikwenda. Bibi, kila akiulizwa habari zake,
jibu lake lilikuwa moja: "Zari tupu yule,"
nasi wajukuu tukivimba vichwa.

Fundi achomoa uzi pindoni. "Waniruhusu?"
Kiberiti. Harufu ya nywele zinazoungua.
Hariri yajikunja, yawa jivu,
na juu ya ukucha wake kwabaki
mrija mwembamba, mweupe.
"Fedha," asema. "Dhahabu ilikuwa ngozi tu.
Nikiliyeyusha lote, nakupa riali thelathini.
Nikilishona, wewe ndiwe wa kunipa kumi na mbili."

Nikaisikia upya sauti ya bibi,
jinsi alivyoibana midomo kwenye lile *tupu*,
mkono hauachi kukuna,
machicha yakidondoka kwenye sinia.
Sifa? Tusi?
Na kwa bei ya lugha gani?

Mama ananipigia simu, anauliza wamesema kiasi gani.
Namwambia mtandao mbaya.

Nimelipia kola peke yake.
Uzi ulioungua nimeufunga ndani ya risiti,
na risiti, kwa mwandiko wa haraka, yasema:
bishti moja, kuukuu.
Zari hakuiandika.